Mizigo Mikubwa Njiani Usiku

Wanachama wenzetu wakaao Segerea waijua njia itokayo Tabata kwenda Kinyerezi. Mchana haipitiki kwa wingi wa daladala. Ndiyo sababu wengine husema mitambo mikubwa, kama ile ya kituo cha umeme cha Kinyerezi II kilichofunguliwa mwaka 2018, yafaa ipitishwe usiku. Nami nakubali, ila kwa masharti.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu mwaka 2019, imeweka kikomo cha uzito wa gari pamoja na shehena yake kuwa tani 56; lizidilo lahitaji kibali. Lakini mizani hupima uzito tu. Trela pana likiharibika gizani, tena halina taa ubavuni, mwenye baiskeli hulitambua akiisha kuligonga. Yale matawi ya miti ambayo madereva wetu huyatandaza barabarani kuwa alama ya hatari (desturi ya ajabu!) usiku hayaonekani kabisa.

Basi kibali cha usiku kikitolewa, gari lenye taa litangulie, taa ziwekwe pande zote za mzigo, awepo mtu wa kutazama nyaya za umeme, na taarifa ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa siku mbili kabla. Hili la taarifa latuhusu sisi makarani: barua ikilala ndani ya faili, mama auzaye vitumbua alfajiri kando ya njia hatapata habari kwa wakati.