Mboga za Wakati wa Kusi: Chungu cha Leo na Akiba ya Novemba

Watu wa Ulaya wakitaja majira ya baridi hufikiri theluji, na supu ya kabichi na viazi. Sisi tukaao Garsen, karibu na Ikweta, theluji hatuijui, lakini ubaridi wetu tunao. Tangu Juni hata Agosti pepo za kusi huvuma, usiku huwa na baridi kidogo, na wazee hupenda chakula cha moto. Huo ndio wakati mboga za majani zinapojaa mashambani, nami napenda leo tuzungumze habari zake.

Kwa desturi Mto Tana hufurika mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua za masika na wakati wa mvua za vuli. Maji yakishuka huacha matope yenye rutuba, na Wapokomo tangu zamani hupanda humo mahindi, mpunga, kunde na maboga. Mimea hiyo ikistawi, majani ya kunde na ya maboga, mchicha na matembele hupatikana bure au kwa bei ndogo.

Hata hivyo wengi wetu, hasa sisi wenye mishahara, huyapita hayo tukanunua kabichi iliyosafiri kwa lori kutoka bara, tukidhani kwamba mboga ya shambani ni chakula cha maskini. Dhana hiyo haifai. Kabichi nyeupe ina vitamini A kidogo sana. Majani ya kunde na mchicha yanaupatia mwili vitamini hiyo kwa wingi. Mtoto aikosaye hushindwa kuona gizani, na akizidi kuikosa huweza kupofuka kabisa.

Haya ndiyo mapishi ya watu watano. Twaa mafungu manne ya majani machanga ya kunde, kitunguu kimoja, nyanya mbili, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, na nazi moja. Osha majani kabla ya kuyakata, si baadaye. Kamua tui zito uliweke kando, kisha ukamue tui jepesi. Chemsha tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya, tangawizi iliyopondwa na chumvi. Tia majani, funika, uyaache dakika 10 hadi 15 yapate kulainika. Mwisho tia tui zito, ukoroge pasipo kuacha lisije likakatika, na baada ya dakika tano uepue. Kula na ugali au wali ungali moto, na kila mtu akamulie ndimu sahanini mwake. Mafuta ya nazi huusaidia mwili kupokea vitamini A, na ndimu huusaidia kupokea madini ya chuma yaliyomo katika majani.

Mahali nazi ilipo ghali, maziwa ya ng'ombe ya jirani zetu Waorma yafaa badala ya tui zito. Ila atumiaye maziwa asitie ndimu ndani ya chungu, maana yataganda.

Tena yatupasa kuacha desturi mbili. Ya kwanza ni kutia magadi ili mboga ilainike upesi. Magadi huharibu vitamini C. Ya pili ni kumwaga maji yaliyochemshiwa mboga. Hapo twamwaga sehemu ya chakula chenyewe.

Sasa niseme neno la akiba. Katika vuli ya mwaka 2023 mvua za El Niño zilizidi, mto ukafurika, mashamba yakazama, familia nyingi zikahamia mahali pa juu, na barabara ya kwenda Lamu ikakatwa na maji. Masika ya mwaka 2024 mafuriko yalirudi. Barabara ikikatika, lori la kabichi haliji. Na shamba likizama, hakuna pa kuchuma.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mboga mbichi huoza, lakini iliyokaushwa vizuri hukaa miezi. Basi Julai, majani yakiwa tele, yaoshe, yachovye katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha uyatandaze juu ya mkeka safi kivulini penye upepo. Usiyaanike juani, kwa kuwa jua kali hupunguza vitamini A. Yageuze mara kwa mara mpaka yavunjike mkononi, ndipo uyatie katika debe kavu lenye kifuniko. Siku ya kupika, yaroweke katika maji ya moto, uyapike pamoja na maji hayo kama nilivyoeleza. Usisahau ndimu, kwa maana vitamini C nyingi hupotea katika kukausha.

Kila nyumba iliyojaza debe lake kabla ya Oktoba itakuwa na mboga ya moto kwa watoto wake hata mto ukifika mlangoni. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji mkeka, kivuli, na kuacha kuidharau mboga ya kwetu.