Mchele wa Kyela Uonjwe Kwanza

Katika masoko ya Dar es Salaam, kipande cha boksi kilichoandikwa "Kyela" juu ya rundo la mchele kinatosha kupandisha bei ya kilo. Mnunuzi hana njia ya kujua kama punje zile zililimwa Ipinda, wilayani Kyela mkoani Mbeya, au zilichanganywa njiani na za Mbarali. Waskoti waliifunga mianya ya namna hiyo kwenye wiski. Kanuni zao za mwaka 2009 zinataka kinywaji kikae kwenye mapipa ya mwaloni miaka 3 au zaidi, hukohuko Uskoti, na zinalinda majina ya maeneo matano, Islay likiwamo. Visiwa vya Skye na Orkney havina eneo lao. Kisheria vimo ndani ya Highland. Ni sawa, maana "ladha ya visiwa" si moja. Laphroaig ya Islay ina moshi mzito unaokumbusha dawa ya kidonda, ilhali moshi wa Highland Park ya Orkney ni mwepesi, una utamu wa asali. Mboji inayochomwa kukaushia kimea haifanani, na mwonjaji makini huligundua hilo hata chupa ikifichwa.

Wapo watakaosema kuwa harufu ya mchele ni ya mbegu, si ya mahali. Kweli, mbegu ndiyo yenye neno kubwa: SARO 5, iliyoenezwa tangu 2002, huzaa vizuri lakini hainukii kama mbegu za asili za bondeni. Hata hivyo, mbegu ileile hupungua au kuongezeka harufu kulingana na joto, maji, ukaushaji na muda wa kukaa ghalani. Isitoshe, shayiri nyingi ya viwanda vya Islay hutoka bara, na hakuna anayevinyang'anya jina. Jina lao limesimama juu ya kazi iliyoelezwa kisheria. Kyela nayo inapaswa kueleza ni mbegu zipi, shamba lipi na kinu kipi, kisha ithibitishe kwa kuonja: sufuria zinazofanana, maji yaleyale, bila mafuta wala tui (wali wa nazi ni mtamu, ila ni shahidi mbovu), na sahani ziwe na namba badala ya majina.

Hoja nzito zaidi ni gharama. Mkulima wa ekari mbili atalipia vipi ukaguzi? Lakini leo tayari analipa, kwa kuuza mpunga kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, huku faida ya jina ikivunwa na wengine mjini. Mzigo huo ubebwe na vyama vya ushirika na halmashauri, kwa ada ndogo kwa kila gunia lenye alama. Zanzibar imeshaweka ulinzi wa majina ya asili ya bidhaa katika sheria yake ya mwaka 2008. Wabunge wa Mbeya wana pa kuanzia, na mavuno yajayo yanatosha kwa sahani za kwanza.