UCHAMBUZI: Chanzo cha vita vya ushuru kimo nyumbani, si bandarini

MAREKANI na Uchina zilipotozana ushuru wa zaidi ya asilimia 100 mnamo Aprili 2025, wengi walidhani ugomvi ulikuwa wa bandarini. Kwa hakika, chanzo chake kimo ndani ya nchi hizo zenyewe: jinsi pato la taifa linavyogawanywa na kutumiwa.

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Nchini Uchina, chanda cha mfanyakazi kimejenga viwanda visivyo na kifani, lakini pete imevikwa kwingine. Matumizi ya familia ni takriban asilimia 40 ya pato la taifa, ilhali Marekani yanakaribia asilimia 70. Utaratibu wa usajili wa makazi, uitwao hukou, huwanyima mamilioni ya vibarua waliohamia mijini huduma kamili za elimu na afya. Hivyo familia hujinyima ili ziweke akiba ya ugonjwa na uzee.

Bidhaa zisizonunuliwa nyumbani hazina budi kutafuta mnunuzi ng'ambo. Ndiyo maana mwaka wa 2025 mauzo ya nje ya Uchina yalizidi bidhaa ilizoagiza kwa zaidi ya Dola trilioni moja. Viongozi wake hawakukosa kuliona hilo. Tangu 2007 Waziri Mkuu wa wakati huo, Wen Jiabao, alikiri kwamba uchumi huo haukuwa na mizani.

Marekani nayo haina budi kubeba lawama. Katika mwaka wa fedha wa 2024, serikali yake ilitumia takriban Dola trilioni 1.8 zaidi ya ilizokusanya. Taifa linalotumia kuliko linavyozalisha litaagiza tu, liwe na ushuru au lisiwe nao.

Kwa hivyo, ushuru hauzibi chemchemi. Hugeuza mkondo tu. Mauzo ya Uchina kwa Marekani yalipopungua mwaka wa 2025, yale ya Afrika yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Hapa Kenya, mnunuzi hufurahia bei nafuu, lakini fundi wa jua kali hujikuta akishindana na kiwanda asichokiweza.

Uchina isipomwongezea mfanyakazi sehemu ya jasho lake, na Marekani isipopunguza kukopa, mazungumzo ya ushuru yatakuwa ya kubadilisha tu bandari ambako shehena itashushwa. Mombasa ni mojawapo.