Kusomea ujasiriamali London huku sheria ikikukataza biashara

Kila mwaka ifikapo Septemba, ndege zitokazo Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe huleta hapa London vijana wetu waliopata nafasi katika vyuo vikuu. Zamani ukimwuliza kijana amekuja kusoma nini, jibu lilikuwa neno moja: sheria, uhasibu, uuguzi. Siku hizi si ajabu ukapewa jibu refu kidogo: ubunifu, ujasiriamali na masoko.

Hatuna ugomvi na masomo hayo. Nchi zetu zimejaa watu wenye akili ya biashara ambao hawajapata mtu wa kuwaonesha namna ya kuipima na kuikuza. Tunachotaka kusema leo, ndugu msomaji, ni kwamba masomo haya humfaa zaidi yule aliyefika akiwa tayari anajua shida ya watu fulani na anataka kuitatua. Asiye nayo anaweza kuondoka na karatasi nzuri tu. Na kwa kuwa mara nyingi karatasi hiyo imenunuliwa kwa kiwanja cha familia au kwa mkopo wa chama, ni haki wazazi na vijana wakalijua hilo mapema.

Tuanze na jambo ambalo halisikiki sana katika yale maonesho ya vyuo vya nje yanayofanyika mahotelini. Mwenye visa ya mwanafunzi Uingereza haruhusiwi kujiajiri wala kufanya biashara. Anaruhusiwa kuajiriwa, na aliye ngazi ya shahada kwa kawaida hapiti saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Lakini kufungua kampuni na kuiendesha, au kuwa mkurugenzi wake, hapana. Dada anayesuka wenzake nywele kwa malipo kule Barking, kaka anayepika pilau la shughuli East Ham, kijana anayeuza vitenge mtandaoni kutoka chumbani kwake, wote hao wakiwa na visa ya mwanafunzi wako nje ya masharti. Kwa hiyo asubuhi kijana anafundishwa darasani namna ya kuanzisha biashara, na jioni akiianzisha anahatarisha visa yake.

Na gharama si ndogo. Ada ya mwaka mmoja wa shahada ya uzamili kwa mtu wa nje mara nyingi inakaribia pauni 20,000 au inapita hapo. Juu yake kuna mchango wa matibabu, pauni 776 kwa mwaka. Kisha tangu Novemba 2025 mwombaji anayekuja kusoma London anatakiwa aoneshe kwamba ana pauni 1,529 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi 9, yaani pauni 13,761. Geuza hizo kwa shilingi za Tanzania au za Kenya uone kama si nyumba nzima.

Wapo watakaosema kwamba biashara ataifanya akimaliza. Sawa, lakini hapo napo sheria hubadilika kila baada ya miaka michache. Mpaka Aprili 2012 mhitimu aliweza kupewa miaka 2 ya kufanya kazi. Mlango huo ukafungwa, ukafunguliwa mwingine mwembamba wa wahitimu wajasiriamali, wenye nafasi 1,000 tu kwa nchi nzima katika mwaka wake wa kwanza. Huo nao ukapisha visa ya wanaoanza biashara mwaka 2019, na hiyo ikafungwa kwa waombaji wapya mwaka 2023, ikaja ya waanzilishi wabunifu, ambayo inataka wazo lako lithibitishwe na taasisi iliyoidhinishwa kuwa ni jipya, linawezekana na linaweza kukua. Duka la vitenge la kawaida, hata likiwa na wateja tele, sidhani kama litapita hapo. Njia iliyo wazi zaidi ni visa ya wahitimu iliyoanza Julai 2021, ambayo inaruhusu kujiajiri kwa miaka 2. Nayo imeshapunguzwa: atakayeiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 atapewa miezi 18, isipokuwa waliohitimu udaktari wa falsafa.

Sasa kama biashara yenyewe haifanyiki, darasani kuna nini cha maana? Kipo, tena kikubwa. Kuna kujifunza kumsikiliza mteja. Na mfano unaofundishwa sana katika vyuo vya biashara duniani umetoka kwetu.

M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone hapa Uingereza, kwa fedha za kampuni hiyo pamoja na za idara ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa, walikusudia wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu nchini Kenya walipe mikopo yao kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika. Watu wakaitumia kwa namna ambazo hazikuwa zimepangwa. Wengine waliweka pesa kwa wakala mwanzo wa safari na kuzitoa walikokwenda, wasitembee na fedha mfukoni. Wenye maduka waliigeuza kuwa sanduku la kuhifadhia mauzo usiku, kwa sababu benki hufunga mapema. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa zao shambani. Hughes na Lonie waliyaandika hayo wenyewe mwaka 2007. Waliposikiliza, mpango wa mikopo uliwekwa kando, na Machi 2007 Safaricom ikaingia sokoni na ujumbe mmoja rahisi: tuma pesa nyumbani. (Ile hadithi inayopendwa sana vijiweni, kwamba mwanafunzi wa Kenya ndiye aliyeibuni akadhulumiwa, haioani na kumbukumbu hizi.)

Lakini somo la masoko lenyewe liko upande wa pili wa mpaka. Aprili 2008 Vodacom ikaileta M-Pesa Tanzania, kitu kile kile, jina lile lile. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa imepata wateja takriban milioni 2.7, na Tanzania, katika muda kama huo, takriban 280,000. Watanzania si wazito wa kuelewa. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa mno ya soko la simu Kenya, wakati Vodacom ilikuwa na washindani wenye nguvu. Watu wa Tanzania wametawanyika katika nchi kubwa, na mawakala hawakusambaa haraka. Ilibidi Vodacom ibadili namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala ndipo mambo yakaenda. Kijana wa Kitanzania aliyekaa katika darasa la London ana la kusema juu ya hilo kuliko profesa wake, maana amekulia humo. Anajua kwa nini mama lishe hapendi kukatwa ada ya kutoa pesa. Anajua kwamba kadi ya uaminifu ya duka la Mangi ni daftari la madeni, na kwamba mafuta ya kula ya kupima hununuliwa kila siku na mtu ambaye akijumlisha mwisho wa mwezi angeweza kununua dumu zima, ila hiyo pesa ya dumu haipati kwa mkupuo. Akinyamaza na kunakili mifano ya Tesco, kosa ni lake.

Mfano wa mtu mmoja upo hapa hapa London. Ismail Ahmed, mzaliwa wa Hargeisa, alikuja Uingereza mwaka 1988 kusoma. Alichuma matunda mashambani Kent na kupeleka pesa kwa ndugu, kwa hiyo adha ya kutuma pesa nyumbani kupitia wakala aliijua kwa miguu yake. Baadaye alifanya kazi na Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, akizisaidia kampuni za kutuma pesa zifuate kanuni kali za kuzuia fedha haramu zilizokuja baada ya Septemba 2001. Aliripoti ufisadi katika mpango ule, akapoteza kazi, na mwishowe akalipwa fidia. Ni katika kipindi hicho alipokuwa akisoma London Business School, na mwaka 2010 akaanzisha WorldRemit, ya kutuma pesa kwa mtandao na kwa simu. Kampuni hiyo iliungana na Sendwave, na tangu 2021 kampuni mama inaitwa Zepz.

Tazama mpangilio wake. Shida aliijua zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanzisha kampuni, na sheria ya biashara yenyewe aliijua kuliko washindani wake. Ujuzi huo wa kanuni, ambao wengi wangeuona ni mambo ya makarani, ndio uliokuwa mtaji, kwani mwaka 2013 benki ya Barclays iliposema inafunga akaunti za mamia ya kampuni za kutuma pesa, Dahabshiil ya Wasomali ikiwemo, kila mtu alielewa kwamba biashara hii hufa au hupona kwa kanuni. Chuo kilimkuta Ahmed na mzigo, kikamsaidia kuupanga.

Kwa hiyo mzazi aliyeko Mwanza, Mombasa au Kampala, kabla hujatuma ada, mwulize mwanao swali moja: mteja wako ni nani? Akikujibu kwamba atamjua akifika huko, mwache kwanza afanye kazi mwaka mmoja au miwili, hata kwa mjomba anayeuza vifaa vya ujenzi, halafu ndipo aombe chuo. Na kwa wasio na pesa hizo, masomo haya nyumbani yapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha ubunifu na ujasiriamali, COSTECH ina Buni Hub, Nairobi kuna iHub tangu 2010, na huko hakuna visa ya kumkataza kijana asijaribu anachofundishwa.

Aliyekwisha kufika hapa naye asikate tamaa. Vyuo kama UCL, King's na Imperial vina vituo vya kulea mawazo ya wanafunzi, na kuwaza, kuuliza na kuandika mpango si kosa kisheria. Utafiti wa mwisho wa shahada asiufanye kwa kampuni ambayo hatakanyaga tena mlangoni pake, aufanye juu ya soko atakalorudi kuliuzia. Zile saa 20 za kazi azichague pia. Kubeba boksi si aibu, na ghala la hapa humfundisha mtu kuhesabu na kupanga mali kuliko mhadhara, lakini anayetaka kujua wanunuzi ni bora atafute kazi ya nyuma ya kaunta. Akitaka kusajili chochote, hata huko nyumbani, na akiendeshe akiwa hapa, aende kwanza ofisi ya ushauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Asimsikilize rafiki wa mtaani, maana Uingereza ushauri wa uhamiaji hutolewa na wenye idhini tu.

Vyuo navyo tunavidai jambo dogo. Katika ukurasa ule ule unaotangaza shahada ya ujasiriamali kwa mwanafunzi wa nje, iandikwe kwa herufi za kusomeka kwamba visa yake haimruhusu kuanzisha biashara wakati anasoma, na muda atakaopewa baada ya kuhitimu. Anayeanza kozi ya mwaka mmoja Septemba 2026 atamaliza baada ya Januari 2027, kwa hiyo hesabu yake ni ya miezi 18, na ni vizuri aifanye kabla ya kulipa amana ya ada.