FREDDIE MERCURY NI WETU, AU NI WETU KWA AJILI YA WATALII TU?

Kila ikifika Septemba 5 mnaona wenyewe. Picha ya jamaa mwenye masharubu na singlendi nyeupe, bendera ya Tanzania pembeni, halafu maneno yale yale: mtoto wa Zanzibar aliyeiteka dunia. Watu wanalaiki, wanashea, kesho yake kimya.

Mimi leo nina neno moja tu. Kama tunamdai Freddie Mercury, basi tumdai mzima mzima. Hii ya kuchukua jina na kuyatupa maisha yake sio kumuenzi, ni kumtumia.

Kwa wale wasiomjua tuwekane sawa kwanza. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Kazaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, wazazi wake ni Waparsi wenye asili ya Gujarat, India. Mzee wake alikuwa mtunza fedha kwenye serikali ya kikoloni ya Waingereza. Dogo akiwa na miaka 8 hivi akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikonolewa piano na kupiga na bendi ya wanafunzi wenzake. Akarudi Unguja 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, familia ikafungasha na kwenda Uingereza. Yeye ana miaka 17.

Hapo ndipo wengi huwa tunaruka. Tunasema "alihamia Uingereza" kana kwamba aliona tangazo la kazi. Hapana. Aliondoka kama zilivyoondoka familia nyingi za Waasia na Waarabu kipindi kile, kwa haraka na kwa hofu. Sijaja hapa kufundisha siasa za Mapinduzi, kila mtu ana mzee wake wa kumuuliza. Ila huwezi kumsimulia huyu mtu ukaificha sababu iliyomtoa nyumbani.

Najua kuna wanaosema Freddie hajawahi kuwa wetu, na hoja zao sio za kitoto. Hakuimba Kiswahili. Hakuwahi kuleta shoo Zanzibar. Kwenye mahojiano alikuwa mzito sana kuongelea utoto wake. Na ukitaka ugomvi zaidi, Oktoba 1984 bendi yake ya Queen ilikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, huku wasanii wengine duniani wakiwa wamesusia. Chama cha wanamuziki Uingereza kikawapiga faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha ya waliovunja mgomo. Mtoto aliyezaliwa Afrika, shoo zake za Afrika ndio zile. Inauma na mimi siitetei.

Lakini hilo ndilo ninalolisema. Mtu wa kwenu sio lazima awe malaika. Ndugu akikosea unasema amekosea, humfuti kwenye ukoo. Na kuhusu kukaa kimya juu ya Zanzibar, jiweke wewe. Una miaka 17, umeng'olewa kwenu, umefika nchi ambayo wakati ule mtu mwenye sura ya Kihindi anatukanwa barabarani. Unaanza upya na jina jipya. Kuna watu wangapi wa kwetu wakifika Dar tu wanabadilisha lafudhi wiki ya pili? Tusimpimie yeye kwa kipimo ambacho sisi wenyewe hatukivuki.

Sasa twende kwenye kitu ambacho kila msanii mchanga wa Bongo angetakiwa kukisoma. Watu wanajua stejini tu, hawajui njaa ya nyuma yake. Huyu jamaa alipakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Aliuza nguo kuukuu Kensington Market pale London, yeye na Roger Taylor, mpiga ngoma wake wa baadaye. Mitumba kabisa. Alisomea uchoraji na usanifu chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza 1969, na nembo ya Queen aliichora mwenyewe. Alipita bendi kadhaa ambazo hazikufika popote, mpaka 1970 alipoungana na Taylor na Brian May. Albamu ya kwanza ikatoka 1973.

Halafu meno. Freddie alikuwa na meno manne ya ziada mdomoni, ndio maana ya mbele yalisukumwa nje. Aliyaonea aibu, mara nyingi akicheka anaziba kwa mkono. Hela alikuwa nayo ya kung'oa na kupanga upya mara kumi, lakini hakugusa, aliogopa sauti itabadilika. Leo msanii akipata hiti moja tu, hela ya kwanza inakwenda kwenye meno, ya pili kwenye gari la kukodi la kupigia picha. Sauti inabaki vile vile haijafunzwa. Jamaa alilinda kazi kuliko sura. Hilo peke yake ni somo la chuo kizima.

Na alikuwa king'ang'anizi. Mwaka 1975 wanataka kuachia Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6, hauna kiitikio, katikati unageuka opera. Wakaambiwa ni mrefu mno, redio hazitaupiga. Wakagoma kuukata. Ukakaa namba moja Uingereza wiki 9. Humo ndani, wadau, kuna neno ambalo kila Mzanzibari hulitamka kabla ya kutia mkono kwenye sahani. Kalitafuteni wenyewe. Sisemi alikuwa anatukumbuka, hilo analijua yeye. Nasema mimi nikilisikia nasimama kidogo.

Miaka 10 baadaye, Julai 13, 1985, Wembley, tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Watu kama 72,000 uwanjani. Queen walipewa dakika zisizozidi 21. Hakuna skrini za kisasa, hakuna madansa. Mtu mmoja na kipande cha stendi ya maiki, uwanja mzima unapiga makofi kwa pamoja kama darasa la kwanza. Waliopanda baada yao walikuwa na kazi ngumu sana siku ile.

Nimefika sehemu ambayo wengi hawataki niifikie. Freddie alikuwa na mapenzi na mwanamke, Mary Austin, ambaye ndiye aliyemwachia nyumba yake, na alikuwa na mapenzi na wanaume pia. Mwaka 2006, angetimiza miaka 60, ilipangwa sherehe ya kumbukumbu yake Unguja. Kikundi cha kidini kikapinga kwa sababu hiyo, sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Shangani, mgeni analipia kiingilio, anapiga selfi mlangoni, anaondoka. Kwa hiyo tumekubaliana nini hapo? Kwenye mfuko wa mtalii ni wetu, kwenye maongezi yetu ni aibu?

Sikuombi ubadilishe imani yako. Una dini yako, nami ninayo yangu. Naomba kitu kidogo tu, tuache unafiki. Ama useme huyu ni wetu na maisha yake yalikuwa hivi, ama uache kuweka bendera kwenye picha yake.

Na la mwisho ndilo linalonikera kuliko yote. Mwaka 1987 aligundulika ana virusi vya UKIMWI. Miaka ile dawa za maana hazikuwepo. Magazeti ya udaku ya Uingereza yakamganda, kila akitoka yanampiga picha na kuandika amekonda, ana nini. Yeye akaendelea kurekodi mpaka nguvu zilipokaribia kuisha kabisa. Novemba 23, 1991 akatoa taarifa kwamba anaumwa. Kesho yake, Novemba 24, akafariki. Miaka 45.

Mnasoma hii mnaona wale waandishi walikuwa wakatili, si ndio? Sasa fungua komenti za msanii yeyote wa hapa kwetu aliyepungua kilo tano. "Huyu kashaungua." "Anameza njugu huyu." Emoji za kucheka. Siku hizi ARV zinatolewa bure, mtu anameza dawa anazeeka na wajukuu zake, lakini midomo yetu bado iko 1991. Kuna kijana anajificha asikutwe na kopo la dawa, anaacha kumeza kwa sababu ya komenti kama hizo. Huyo hatamuua kirusi, tutamuua sisi. Halafu Septemba 5 tunaposti "pumzika legendi wetu".

Legendi gani, wakati angekuwa hai leo na kakonda, ungekuwa wa kwanza kumtag?

Kama unampenda Freddie kweli, mwaka huu usiweke picha. Futa komenti moja uliyomwandikia mgonjwa. Hiyo ndiyo zawadi ya birthday.

Nimemaliza. Wewe unasemaje, Freddie ni Mzanzibari au ni Mwingereza aliyezaliwa Zanzibar? Shuka chini uandike, ila matusi nafuta.