Nondo Asiyekula Nguo



Nondo atajwapo majumbani mwetu, akina mama hukumbuka masanduku ya kanga na vidonge vyeupe vya kumfukuzia. Sifa hiyo mbaya imewaenea wote kwa makosa ya wachache. Wataalamu wamekwisha kuzitaja aina zipatazo 160,000 za nondo duniani. Ambao viwavi wao hula nguo ni wa kuhesabika.

Miongoni mwa wasio na hatia yumo nondo mdogo wa Ulaya, Eupithecia nanata, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hazifiki milimita 25. Viwavi wake hula maua ya kichaka kifupi kiitwacho Calluna vulgaris, kimeacho huko Uingereza katika mbuga za udongo mkavu usio na rutuba. Mabaka ya kiwavi huyo yamefanana na maua ayalayo, hata jicho la ndege hupotea.

Jina Calluna latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kusafisha na kupamba, kwani vitawi vyake vilifungwa mafagio. Wanavijiji wa zamani walivikata kwa kuni pia, na wakilisha mifugo yao humo. Kwa kazi hiyo miti mikubwa ilizuiwa, na kichaka kikachipua upya kila mara. Zama zilipogeuka, mbuga nyingine zililimwa, nyingine zikajengwa, na nyingine zikaachwa tu hadi zikamezwa na misonobari. Tangu mwaka 1800 Uingereza imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya mbuga hizo katika nyanda zake za chini.

Hapa pana zingatio. Mbuga ile haikuuawa na jembe peke yake. Iliuawa pia na kutelekezwa. Na kiwavi wa maua yale hawezi kuhamia shamba la muhogo akaishi.

Basi enyi wazazi, mtoto awaitapo kuwaonyesha kiwavi, msikimbilie kumponda. Mwambieni asimguse, kwani wengine huwasha. Kisha mwulizeni, yuko juu ya mti gani, na jani lipi analila? Mwenye kuujua mti huo leo ndiye atakayeuonea uchungu kesho utakapotaka kukatwa, au utakapokosa wa kuutunza.