Mpangaji, Paka Ukuta Wako!

Wapendwa, leo nina hasira kidogo, kwa hiyo mtanivumilia. Na hasira yenyewe imeanzia kwenye ukuta.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na wageni wanne hapa kwangu. Wote tulisoma pamoja chuoni, wote wana kazi, na wote wamepanga kama mimi nilivyopanga. Wakaingia sebuleni wakakuta ukuta mmoja, ule unaotazamana na dirisha, umebadilika. Kuta tatu bado zina ile rangi ya maziwa iliyochoka, ambayo wenye nyumba wa Dar es Salaam wanaipenda sijui kwa nini. Ule wa nne ni buluu iliyokolea. Wakautazama, wakausifia kidogo, halafu maswali yakaanza.

"Nani amekupakia?"

Nikawaambia nimepaka mwenyewe. Kimya. Kisha mmoja wao akauliza lile swali ambalo ndilo limenikalisha hapa niandike: "Sasa dada, nyumba yenyewe si yako, unajisumbua nini?"

Nyumba si yangu. Sawa, nakubali. Lakini maisha ninayoishi humo ndani ni ya nani?

Hebu tujiangalie. Tunalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kutuonyesha mlango. Baada ya kutoa fedha zote hizo tunaingia ndani na kukaa kama abiria wa stendi. Televisheni iko juu ya boksi lake. Nusu ya nguo ziko kwenye begi. Ukutani, juu ya kochi, kuna alama za mafuta ya nywele za wapangaji waliotutangulia, na sisi tunaegemeza vichwa vyetu hapo hapo kuongeza za kwetu. Ukimuuliza mtu mbona unaishi hivi, jibu lake ni moja: "Nikijenga."

Neno hilo nimelisikia tangu utoto. Baba yangu alikuwa mwalimu, na tulihama nyumba za kupanga na za shule zaidi ya mara saba. Mama akisema tupake rangi chumba cha watoto, baba alikuwa anamjibu kwa upole kabisa, tusiwapambie watu nyumba zao, tukijenga tutapaka zote. Na alijenga kweli. Alipostaafu alianza, tofali kwa tofali, akafika kwenye linta. Pale ndipo umri ulipomkatikia. Nyumba ile mpaka leo ni pagale, na majani yameota katika chumba ambacho kingekuwa sebule. Baba aliishi miaka zaidi ya sitini na hakuwahi hata mara moja kuchagua rangi ya ukuta aliokuwa akiutazama kila jioni. Simlaumu, alikuwa anatusomesha. Lakini nikimsikia kijana wa miaka 27 anasema "nikijenga" wakati hajanunua hata kiwanja, moyo unaniuma.

Nawajua ninyi, mna hoja zenu. Tuzichukue moja moja.

Hoja ya kwanza: mwenye nyumba akiona pamependeza atapandisha kodi. Chumba nilichokaa kabla ya hapa nacho nilikipaka ukuta mmoja. Mkataba ulipoisha, kodi ikapanda. Mkasema si tumekwambia! Subirini. Kodi ya jirani yangu, ambaye hakuwahi hata kufuta utando wa buibui kwenye kona, ilipanda siku ile ile na kwa kiasi kile kile. Kodi hupanda kwa sababu wapangaji ni wengi na vyumba ni vichache. Kuishi kwenye uchafu hakujawahi kumpunguzia mtu kodi.

Hoja ya pili: mwenye nyumba atakataa. Umemuuliza? Mimi nilimwendea mama mwenye nyumba jioni moja, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniambia, "Paka mwanangu, lakini siku ukiondoka unirudishie rangi yangu." Ni haki yake, na sikuona cha kubishana. Tukaandika mistari miwili nyuma ya mkataba, tukasaini wote wawili. Msipuuze mistari hiyo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mambo mengi kati ya mpangaji na mwenye nyumba yanategemea kile walichoandikiana. Sisi wasomi, tunaosoma kila kitu, mkataba wa nyumba tunausaini bila kuusoma, halafu tunalalamika kwamba haturuhusiwi hata kupigilia msumari. Ilikuwa ni kazi yetu kuuliza kabla ya kuhesabu fedha.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi: hiyo ni kazi ya fundi. Nilipokwenda kununua rangi, muuzaji aliniuliza mara mbili, "Fundi wako yuko wapi?" Nikamjibu fundi ni mimi. Akacheka, akaniuliza kama sina kaka. Ninao kaka wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika rola! Sina ugomvi na mafundi. Ukuta ukiwa na ufa wa kuingiza kidole, muite fundi haraka na umlipe vizuri. Ninachokataa ni hii imani kwamba mtu akishapata digrii mikono yake inakuwa ya kushikia simu tu. Tunatazama video za watu wa Ulaya wakipaka nyumba zao, tunazisambaza kwa marafiki, na brashi hatuigusi.

Hoja ya nne: ukuta mmoja wa rangi tofauti ni mambo ya Kizungu. Jamani! Nendeni Lamu mkaangalie nyumba za mawe za karne ya 18. Katika vyumba vya ndani kuna ukuta uliojaa zidaka, safu juu ya safu, zimechongwa kwenye plasta ya chokaa, za kuwekea vyombo vya thamani. Ukuta mmoja ndio uliopewa heshima, na jicho la mgeni lilikwenda pale. Vukeni hadi mashariki ya Rwanda, muone imigongo, ile michoro ya pembe na mistari ambayo wanawake waliifinyanga ukutani kwa samadi ya ng'ombe na majivu, wakaipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hawakusubiri duka lifunguliwe. Walichukua kilichokuwepo uani na kufanya kwa mikono yao.

Sasa niwaeleze nilivyofanya, msije mkasema naongea tu.

Nilipima kwanza. Ukuta wangu una upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, yaani mita za mraba kama 8. Lita moja ya rangi ya maji, ukutani palipo laini, hupaka karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita mbili hivi, kwa hiyo kopo la lita 4 lilinibakizia nusu. Rola, brashi ndogo ya kona, msasa, selotepu ya karatasi na magazeti ya kutandika chini. Magazeti, kwa kazi yangu, sikukosa.

Ijumaa jioni niliosha ukuta kwa maji na sabuni, hasa yale mafuta ya nywele, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Nikaziba matundu ya misumari, nikaacha pakauke, nikapiga msasa. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka cheupe, ujue chini kuna chokaa, na rangi itabanduka kama hukukwangua na kupaka praima kwanza. Ukiona ukuta unatoa unga wa chumvi au umevimba chini, huo una unyevu. Usiufiche kwa rangi, mwambie mwenye nyumba. Na kama nyumba ni ya zamani, usikwangue rangi kavu ukatimua vumbi. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa watoto. Lowesha kwanza, na watoto wakae mbali.

Jumamosi nikapaka. Na nikakosea, tena sana. Sikuwa na subira: baada ya saa moja nikarudia mkono wa pili, rola ikaanza kuinua ule wa kwanza. Nikaacha, nikasubiri mpaka jioni, nikapiga msasa palipoharibika na kuanza upya. Karibu na dari mstari umepinda, unaonekana kabisa ukikaa upande wa mlango. Wageni wangu waliuona. Nami nauona kila siku, na siuonei haya, maana ni mstari wangu.

Gharama yote haikufika shilingi elfu sitini. Hesabu mwenyewe ni wikiendi ngapi za nyama choma na vinywaji.

Kwa haki, nitaje na upande wa pili. Siku nikihama itabidi nirudishe rangi ya maziwa, na buluu iliyokolea haifunikwi kwa mkono mmoja. Kile chumba cha kwanza kilinila mikono mitatu na Jumapili nzima. Kwa hiyo kama unajua utahama baada ya miezi sita, chagua rangi nyepesi kidogo. Na kama mwenye nyumba amekataa katakata, heshimu. Tundika kanga nzuri ukutani, iwe ndiyo rangi yako.

Lakini usiniambie unasubiri kujenga. Jenga, Mungu akusaidie, na siku ya kuhamia unialike. Ila leo jioni utarudi kwenye chumba chako, utakaa kwenye kochi lako, na utatazama ukuta. Kodi umeshalipa, na jioni hiyo hairudishwi na mwenye nyumba yeyote.

Nimemaliza. Wale wageni wangu wanne, najua mnasoma hapa. Lita mbili zimebaki, na rola naazimisha.